Siku ya Thelathini

Ofisi yetu ni kontena lililopakwa rangi ya maziwa
nyuma ya wodi ya wanaume, hapa Moshi.
Ndani mna meza, feni isiyozunguka,
mimi Nakijwa, na simu ya mradi.

Kazi yangu ni kuuliza nani yu hai.

Siyo kwa maneno hayo. Dodoso lina adabu:
habari za asubuhi, naomba kuzungumza na fulani,
kisha kimya kidogo
ambamo nimejifunza kusikiliza
kama kuna kuku, kama kuna redio,
kama anayepokea amevuta pumzi kabla ya kujibu.

Leo ni zamu ya namba sitini na mbili:
Elingaya, wa Uru, miaka hamsini na minne.
Anapokea mwanamke.
"Amelala."
Nasema basi nitapiga baadaye, akiamka.
"Hapana, dada. Amelala kihambani,
chini ya migomba. Wiki ya tatu hii.
Simu yake naichaji kwa sababu wapo wanaomdai
na wapo aliowadai, nao ni wengi zaidi."

Swali la nne: Maumivu yalianza lini?
Pana kisanduku cha saa na kisanduku cha dakika.
Yeye hana saa. Ana Jumatatu,
ng'ombe walipomaliza kukatiwa majani.
Ana mkono wa kushoto ulioshindwa na ndoo,
ana jasho la mtu aliyekaa kivulini.
Ana duka la dawa, vidonge vya kiungulia,
na magadi kwenye kikombe, Jumanne.
Ana jirani aliyesema ni kichomi,
na zahanati iliyotafuta malaria,
haikuiona, ikaitibu hata hivyo.
Alhamisi bodaboda ikamshusha mjini,
kati ya dereva na mkewe,
kama gunia linalopumua.

Nikaandika: 72.
Kisanduku kikatosha.

Ninayo karatasi ya moyo wake,
ya waridi, yenye miraba midogo kama daftari la hesabu.
Daktari kijana alisema mstari ule unafanana na mlima.
Mimi sikuona mlima.
Niliona uzi wa sweta uliovutwa,
na mtu bado amelivaa.

Mwanzoni nilidhani tunatafuta dawa.
Dokta Urassa akanionyesha kopo la aspirini dirishani,
limejaa, bei yake haifiki ya soda mbili.
"Dawa ipo," akasema. "Tunatafuta zile siku tatu.
Zilikuwa wapi? Nani alizishika?"

Nikageuza ukurasa.
Namba sitini na tatu, Ndeshukurwa, muuza mitumba,
alipiga kelele juu ya kelele za Kiboriloni:
"Hai, ndiyo, andika hai! Vidonge nakunywa, chumvi nimeacha,
binti yangu ananichunga kama polisi.
Ni yeye aliyekataa habari ya vidonda vya tumbo,
akanikokota hospitali na kanga ya kulalia.
Sasa niache mama, nina mteja wa mashuka."
Akakata.
Nikacheka peke yangu, nikaweka vema,
na mkia wa vema ukatoka nje ya kisanduku.

Kwa Elingaya hakuna pa kuandika magadi,
wala ng'ombe, wala yule jirani.
Pana "amefariki" na pana tarehe.
Nikaandika magadi pembeni, kwa penseli,
msimamizi akitaka atafuta.

Saa saba nikampigia baba, Same.
Simu yangu, salio langu, bila dodoso.
Habari za mvua, habari za tangawizi, habari za paa.
Sauti yake ilikuwa imekaa chini.
"Ni gesi tu, mwanangu. Imenibana hapa kifuani
tangu juzi. Nimekunywa maji ya moto."

Feni haikuzunguka.
Kalamu ilikuwa bado mkononi.

"Baba," nikasema. "Juzi saa ngapi?"